Kikohozi cha Golikipa

Kila jioni ya mazoezi, Mwalimu Asukile alichemsha majani ya mkaratusi, malimao na tangawizi kwenye sufuria kubwa ya jiko la chuo, akaitua pembeni ya uwanja, na timu nzima ya wasichana ikaingia chini ya turubai moja kujifukiza. Mahali pengine kila mtu hujifukiza na blanketi lake. Mwalimu Asukile aliamini timu ni timu. "Atakayejifukiza peke yake atacheza peke yake," alisema. Kwa hiyo walibanana humo bega kwa bega, wakivutiana pumzi, ili ugonjwa usiwafikie.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa korona, na chuo hicho cha ualimu, upande wa Soweto jijini Mbeya, kilikuwa kimefunguliwa tena. Kuhusu ligi ya vyuo hakuna aliyekuwa na uhakika. Jumatatu simu ilipigwa kwamba ipo, Alhamisi ikapigwa kwamba haipo, Jumapili watu wakitoka kanisani wakaambiwa ipo. Mwishowe mkuu wa chuo alikuja uwanjani na sharti lenyewe: ligi itachezwa, ila timu itakayokutwa na mgonjwa itaondolewa.

"Sisi hatuna mgonjwa," alisema. Hakuwa anauliza.

Golikipa alikuwa Tekla, mtoto wa Iringa, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuwaamrisha mabeki. Wa akiba alikuwa Minza, kutoka Usangu, jirani na Igawa, ambako baba yake alifuga ng'ombe tangu alipohama Shinyanga. Minza alikuwa mwaka wa mwisho na hajawahi kucheza hata mechi moja ya ligi. Alikaa benchi akimpenda Tekla na kumwonea wivu, yote mawili kwa moyo huohuo mmoja. Ligi ikifutwa, au timu ikiondolewa, angemaliza chuo bila kudaka mpira mbele ya watu.

Tekla alianza kukohoa chini ya turubai. Mwalimu alisema ni moshi wa kuni. Siku chache baadaye alishindwa kupanda ngazi za bweni, akapakiwa kwenye gari la kwenda kwao, na ikatangazwa kwamba amekwenda kumsalimia mama yake. Wiki iliyofuata mama huyo alipiga simu kusema kwamba mwanawe ameshazikwa. Chuo kilisema ni mapafu. Timu ilisimama dakika moja, ikasali, kisha ikaendelea na mizunguko ya kukimbia.

Jioni ile turubai lilipofunuliwa, wasichana walitoka wote na kikohozi cha Tekla kikabaki ndani. Kila mtu alikijua, kikavu, chenye kaguno kadogo mwishoni kama mtu anayeomba radhi. Mwalimu Asukile alilikung'uta turubai. Kikohozi kikatoka, kikavuka uwanja, kikaenda kusimama golini karibu na nguzo ya kushoto, pale Tekla alipopenda kusimama.

Mkuu wa chuo aliitwa. Alisikiliza kwa muda, mikono nyuma.

"Kina homa?"

"Hakina mwili, mkuu," alisema Mwalimu Asukile.

"Basi si mgonjwa. Endeleeni."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kilikuwa kimeshapita, na aliyeficha alikuwa ofisini anakunywa chai.

Minza alipewa glavu za Tekla. Zilimtosha. Furaha yake ilikuwa kubwa kuliko huzuni, na jambo hilo lilimtia aibu, lakini hakuzivua. Golini walizoeana. Mpira ukija kushoto, kikohozi kilitangulia kidogo, naye akaruka upande huo. Mechi zote za Mbeya hakufungwa. Wapinzani wakiuliza, mabeki walijibu ni vumbi. Hata hivyo, kabla ya kila mechi Minza aliitazama simu ya Mwalimu, akisubiri ilie kwamba yote yamefutwa, au kwamba kuna mtu amesema.

Fainali ilipangwa Iringa, ikaahirishwa, ikapangwa tena. Walisafiri kwa basi la chuo, kikohozi kikiwa siti ya nyuma, ambayo hakuna mwingine aliyeikalia. Pale Igawa, mzee Nkuba, baba yake Minza, alikuwa akiwasubiri barabarani na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alipanda kuwasalimia, akasimama akisikiliza.

"Huyu mgonjwa wenu mmempa nini?"

"Hatuna mgonjwa, mzee," alisema Mwalimu Asukile.

"Sasa anayekohoa nani?"

Wasichana walitazama nje. Mzee Nkuba alimgeukia binti yake. "Minza?"

"Ni vumbi, baba."

Mzee alijaza maziwa kwenye kikombe, akakiweka siti ya nyuma, akashuka bila kuaga. Walipofika Mafinga kikombe kilikuwa kitupu.

Iringa kulikuwa na upepo wa baridi. Mama Tekla alikaa kwenye majani nyuma ya goli, kitenge begani, na kipindi cha kwanza chote hakuutazama mpira. Wakati wa mapumziko alisogea mpaka kwenye nyavu, akasalimia kwa salamu ya kwao.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ni wangu. Nimemsikia tangu nipo getini."

"Ndiyo, mama."

"Alikufa na nini? Nikiuliza chuo naambiwa mapafu tu. Kule nyumbani wadogo zake nao wameanza kukohoa. Niambie basi, nijue nawauguzaje."

Minza alijua jibu. Lilikuwa neno moja, na kila mtu nchini alilijua. Refa alikuwa karibu, anakunywa maji. Mwalimu Asukile alikuwa amesimama kwenye mstari, anamtazama. Matokeo yalikuwa bila bila. Minza alizibana glavu mikononi.

"Mapafu, mama."

Mama Tekla aliitikia kwa kichwa. Akainama kwenye nguzo ya kushoto, akakiinua kikohozi, akakifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto anayepelekwa kliniki, akaondoka. Kilisikika mpaka walipokata kona ya barabara ya lami.

Kipindi cha pili Minza alidaka peke yake. Alidaka vizuri, na Mbeya wakashinda kwa goli moja. Mkuu wa chuo alilipokea kombe akasema si aliwaambia, timu hii haina mgonjwa.

Baada ya hapo zikaja habari za mashindano ya taifa. Huenda yangechezwa, huenda yasingechezwa, kwa hiyo mazoezi hayakusimama. Mwalimu Asukile alichemsha majani, turubai likatandazwa, timu ikaingia. Minza alikaa katikati na glavu zake, maana siku hizi hakuwa akizivua. Kifua kilimbana. Alijizuia alivyoweza, mwisho akakohoa, kikohozi kikavu.

"Ni moshi," alisema Mwalimu Asukile kutoka nje.

Bupe, golikipa mpya wa akiba, alikuwa amebanana naye ubavuni. Aliziangalia zile glavu, kisha akaangalia viganja vyake mwenyewe, akikadiria kama zitamtosha.