Siku Avenue Yetu Yote Ilipougua

Mimi ni mtu wa Maniema, na sikai mahali. Kila mtu wa Katoyi, mtaa wetu hapa Goma, analijua hilo. Nimelala Kindu, Kisangani, Bunia na Kigoma, na kote huko begi langu lilikuwa karibu na mlango. Goma nilifika kwa kupita tu, nikielekea Kalemie, na huko kupita kwangu kulikuwa kumeshakula masika kadhaa. Sababu ni jirani yangu, Mama Katungu.

Mama Katungu ni mjane, mtu wa Butembo, akicheka anacheka na mabega yote mawili. Marehemu bwana wake alimwachia depo ya kahawa palepale kwenye avenue yetu, kuta zake za mawe meusi ya volkano, nene kama urefu wa mkono. Kahawa iliisha, depo ikabaki na mwangwi. Ndugu zake wakawa wanapiga simu kila Jumapili baada ya misa: uza hiyo depo, dada, rudi nyumbani. Alikuwa ameshachoka kuwakatalia, ndipo kampuni moja inayotengeneza mashini za hospitali ikatuma habari kwamba inatafuta mahali pa kufungua depo na atelier ya kutengenezea mashini upande huu wa mashariki. Itatembelea miji kadhaa, na kwa Goma ingependa kuiona depo yake.

"Wakiichukua, nabaki," aliniambia huku akichambua maharagwe. "Wakiikataa, lori ya ndugu zangu inakuya Ijumaa kupakia vitu vyangu. Na weye, Papa Alimasi, utagonga mulango ya nani kuomba chumvi?"

Chumvi nilikuwa nayo nyumbani, mfuko mzima. Nilikuwa naye jirani mmoja tu.

Basi siku wageni walipotazamiwa, Mama Katungu akatoka mapema kwenda kusuka nywele, halafu awapokee mpakani na kuwaleta. Alipokunja kona tu, Télesphore, chef wetu wa avenue, yaani mwenyekiti wa mtaa, akapuliza filimbi. Tukakusanyika.

"Ndugu zangu," akasema, "tangu nizaliwe mu hii Goma, jeep ya wageni ikisimama, inauliza nini? Inauliza: shida yenu ni nini? Shida ikiwa ndogo, jeep inaenda kwa jirani zetu wa Munigi. Volkano ilipotoka, nani alipata mahema? Sisi tuliolia kwa nguvu! Avenue ya kule chini walikuwa wameoga, wamefua, wamepanga viatu. Walipata nini?"

"Pongezi!" tukajibu wote.

"Sasa hii ni kampuni ya mashini za wagonjwa. Itaenda wapi? Penye wagonjwa! Nataka hii avenue iugue kabla jua haijapanda. Kwa ajili ya Mama Katungu!"

Hata mimi niliyetembea kote niliona maneno yamenyooka. Tukaanza kuugua.

Jamani, nimeona sherehe katika maisha yangu, lakini raha kama ile asubuhi sijaiona. Televisheni zikaingia chini ya vitanda. Kila nyumba ikazima umeme kwenye mita, na Télesphore mwenyewe akauzima wa depo. Bomba la maji likafungwa, mabidoni matupu ya kutekea maji yakapangwa kama watu wanaosubiri kuungama. Mama Charline, muuza maandazi mwenye sauti ya tarumbeta, akajifunga kichwa na kipande cha chandarua na kufanya mazoezi ya kukohoa mpaka mbwa wake akahama. Magongo tulikuwa na jozi moja tu kwa avenue nzima, ikagawanywa: gongo moja kwa Evariste, mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ambaye hubeba magunia ya viazi kama mito ya kulalia, lingine kwa shangazi yake.

"Evariste, unachechemea mguu gani?" Télesphore akauliza.

"Wa kuume."

"Mbona unanyanyua wa kushoto?"

"Nabadilisha, chef. Mumoja ukichoka, naugulisha mwingine."

Kwaya ya avenue yetu ilikuwa ina wimbo mmoja tu inaoujua vizuri, wa arusi. Wakaambiwa wauimbe polepole sana. Na mimi, kwa ajili ya mvi zangu, nikapewa cheo kikubwa: nilale kwenye mkeka mlangoni pa depo, niwe yule anayekufa.

"Usicheke," Télesphore akanionya. "Mutu anayekufa hacheki."

"Nimeona mmoja Kisangani aliyecheka," nikamwambia.

"Huyo hakuwa anataka depo."

Jeep ikaja. Kwa jicho langu lililofumbwa nusu nikamwona kwanza Mama Katungu anashuka, nywele mpya, kitenge cha manjano kinachopiga kelele, na moyo wangu ukaruka kama chura. Halafu akashuka Madame Élodie, mtu wa Lubumbashi, mkubwa wa ile safari, na nyuma yake Bulonza, enjinia wao, kijana wa Bukavu aliyebeba sanduku la vipimo.

Mama Katungu akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Kwaya ilikuwa inamwoza bibi arusi kama vile anazikwa.

"Yesu!" akasema. "Nimetoka hapa asubuhi, watu wangu wamepatwa na nini?"

Télesphore akajitupa mbele kabla hajaendelea. "Madame, karibu kwenye mateso! Hapa umeme haiko. Maji haiko. Barabara, unaiona mwenyewe, ni mawe matupu. Hata afya haiko! Mashini zenu zote zinaweza kupata kazi mu hii avenue moja, mpaka ya mwisho."

Mama Charline akakohoa. Ilikuwa kazi nzuri, nilijivunia.

Bulonza akamnong'oneza mkubwa wake kitu, naye Madame Élodie akavua miwani, taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Chef," akasema, "pole sana. Lakini sisi hatukuya kugawa vitu. Tunatafuta mahali pa kufanyia kazi. Mashini za oksijeni na za kupima presha zinavuka mpaka, tunazihifadhi, tunazitengeneza zikiharibika, tunazipeleka kwa mahospitali. Kwa hiyo naangalia umeme, naangalia maji, barabara, na watu wazima wenye nguvu ninaoweza kuwafundisha. Mahali penye haviko, siwezi kufungua."

Hata kwaya ilisimama katikati ya neno.

Mimi pale kwenye mkeka nililiona lori la Butembo kwa macho yangu, vyungu vya Mama Katungu juu yake, na yeye mbele karibu na dereva, anaupungia mkono mji wa Kiwanja akipita njiani. Safari hiyo nikaanza kufa kweli.

"Evariste!" Mama Katungu akapasuka. "Asubuhi umenibebea gunia mbili ya mahindi! Mguu imekatika saa ngapi?"

Evariste akaangalia miguu yake, kwanza mmoja, halafu mwingine, kama anaichagulia hukumu. Halafu akatupa gongo. "Imepona, mama!"

"Na yangu!" akasema shangazi yake.

Mlipuko ulioletwa na maneno hayo, sijui niuandike vipi. Chandarua kikaruka kichwani kwa Mama Charline, bomba likafunguliwa na maji yakamwagikia viatu vya Madame Élodie, watu wakakimbilia mita, redio zikaamka zote pamoja kila moja na wimbo wake, na kwaya, kwa furaha ya kuachiliwa, ikaimba arusi kwa mwendo wake wa kweli. Televisheni moja ilitolewa mpaka barabarani ili mgeni aione kwa macho.

"Umeme iko!" Télesphore alikuwa anapiga kelele, jasho linamtoka. "Madame, tunayo! Maji tunayo! Hata afya, ona, tuko na afya mingi mpaka inatusumbua!"

"Chef," akasema Madame Élodie, "sasa nikuamini ya saa ile ao ya saa hii?"

Télesphore akaipeleka filimbi mdomoni, akairudisha mfukoni.

Ndipo sauti ya Bulonza ikatoka ndani ya depo. Katika ile ghasia yote alikuwa ameniruka pale mlangoni na kuingia na kipimo chake cha joto.

"Madame! Kuya uone! Humu ndani ni digrii ishirini!"

"Wana klimu ya kupoza hewa?"

"Hakuna klimu. Hakuna hata feni. Ni haya mawe." Akatoa kichwa nje. "Umeme ya depo ilikatika saa ngapi?"

"Haikukatika," Télesphore akasema kwa sauti ya mtu anayeungama. "Niliizima mwenyewe tangu asubuhi na mapema. Na mulango niliufungua wazi kabisa, ili muzee apate hewa akikufa."

Bulonza akaanza kucheka, akashika nguzo. "Madame, kila mahali tulipopita waliwasha klimu kabla hatujafika, ili tusijue joto yao. Hawa ndio wa kwanza kutuzimia! Mashini zetu zinaharibika kwa joto, na hapa mulango wazi, jua nje, ndani ni ishirini. Ningewaomba jaribio kama hii, wangenikatalia."

Madame Élodie akaingia, akaweka kiganja ukutani, akakaa nacho pale. Alipotoka, uso wake ulikuwa umelainika kidogo. Kidogo tu.

"Mawe nimeyaona," akasema. "Watu bado. Sijui nani mugonjwa, nani muzima. Bulonza, toa mashini ya presha."

Avenue nzima ikapanga mstari. Mama Charline, mzima. Evariste, Bulonza alisema presha yake ni ya kuwekwa kitabuni. Shangazi yake, mzima, akaomba apimwe tena kwa kuwa alipenda mkono unavyobanwa. Mwisho wakanifikia mimi, bado niko kwenye mkeka, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunifufua.

Mama Katungu akapiga magoti kando yangu. Manukato yake yalikuwa ya mafuta ya nywele mapya. Akanishika mkono wa pili.

"Papa Alimasi, usiwe umeugua kweli," akasema polepole.

Mashini ikabana, ikapumua, ikalia pii, pii, pii. Bulonza akaacha kucheka.

"Muzee, hii iko juu sana. Hii si mchezo. Mama, sogea kidogo, apumzike, nipime tena."

Mama Katungu akainuka, akaenda kusimama karibu na jeep. Tukangoja. Mashini ikabana, ikapumua, ikanyamaza.

"Aa? Sasa ni muzuri." Bulonza akaigonga kwa kidole. "Mama, rudi pale."

Akarudi, akanishika. Pii, pii, pii.

"Sogea, mama."

Kimya.

"Rudi."

Pii, pii, pii!

Mama Charline ndiye aliyeelewa wa kwanza, na kwa ile sauti yake, mpaka Munigi walielewa wa pili. Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Madame Élodie aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mimi nilitamani lava ije ipite juu yangu.

"Alimasi," Mama Katungu akasema, hata ile "papa" akaisahau, "ugonjwa yako ni miye?"

"Tangu masika ile ya kwanza," nikasema. "Na chumvi ninayo. Mfuko mzima."

Alicheka na mabega yote mawili, lakini mkono hakuuachia, na mashini ilikuwa inalia mpaka Bulonza akaichomoa.

Wageni wakaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Ijumaa lori la Butembo likafika kweli, na ndugu wawili wa Mama Katungu wakaanza kutoa viti nje. Kitanda kilikuwa kimeshapanda juu ya lori pale simu yake ilipolia. Akaiweka kwenye kipaza sauti, na avenue yote ikasogea.

"Mama Katungu, tunaichukua depo," ilikuwa sauti ya Madame Élodie. "Mpaka iko karibu, mahospitali ni mengi, mawe yako tumeyapenda. Na wakubwa wangu niliwaambia hivi: watu wanaoweza kukubaliana kuugua wote asubuhi moja, na kupona wote kwa dakika moja, hao wanaweza kufundishwa kitu chochote. Lakini mwambie chef wenu, tukifungua, mita ya umeme asiiguse."

Télesphore alikuwa ameshaanza kupuliza filimbi, sidhani kama alisikia hayo ya mwisho. Kitanda kikashuka. Wale ndugu wawili walisimama na mikono kiunoni, halafu mkubwa wao akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu na kuuliza, "Na huyu wa Maniema ni nani?"

"Huyo ni mugonjwa wangu," Mama Katungu akamjibu. "Mupe kiti."

Nikapewa kiti. Yeye akaingia kwangu, bila kugonga, akatoka na begi langu la Kalemie. Akamwaga nguo zangu juu ya kitanda chake pale barabarani, mbele ya kwaya, akatia ndani yake vitunguu vilivyokuwa vimetawanyika kutoka kwenye lori, kisha akalitundika kwenye msumari jikoni kwake.

Mpaka leo liko pale. Nikitaka kitunguu, najua pa kukipata.