Kamba Iliyopelea Vidole Vinne

Ngumi ya kwanza ilimkuta Fundi Kamba akiwa amechuchumaa kando ya gari la mtu mwingine kabisa, spana mkononi. Hakuiona ikija. Alisikia meno yakigongana, kisha akajikuta amelala chali kwenye sakafu ya gereji yake, mdomoni damu imechanganyika na mafuta machafu, na juu yake amesimama Mwenye Mbao, mteja wake wa miaka sita.

"Umeniulia mke wangu!" alinguruma. "Asubuhi hii! Umemuua!"

Teke likafuata. Likamwingia mbavuni, na pumzi yote ikamtoka fundi.

Nje ya lango, lori la mbao lilikuwa limeburuta gari na kulitupa palepale njiani. Fundi alilijua gari hilo, la Mwenye Mbao. Lilikuwa fowili, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na sasa lilikuwa limelala chali, paa limebonyea, magurudumu yanatazama mbinguni. Kulizunguka walikuwapo wapakiaji wa mbao, majirani, na watu wa njiani, wale wasiojua kilichotokea ila ngumi wanazo. Katikati yao alisimama dereva wa gari lile, kijana wa miaka ishirini na minane, kitambaa kimefungwa kwenye paji la uso. Mkwaruzo mmoja tu. Alikuwa mpwa wa fundi, mtoto wa dada yake, na kazi hiyo ya udereva fundi ndiye aliyemwombea.

"Mpwa wako kasema mwenyewe," Mwenye Mbao alisema huku amemkaba fundi kola. "Wanateremka mlima, giaboksi ya katikati ikanuka moto, ikakamata, gari likapinduka. Nani aliifungua giaboksi hiyo wiki mbili zilizopita?"

"Mimi," alisema fundi. "Lakini niliifunga vizuri. Nipe kamba ya gari lako. Ile yenye kitambaa cha kijani."

Hapa lazima niseme kuhusu kamba, maana ndiyo iliyomponza na ndiyo iliyomwokoa. Baba yake fundi, mwenye gereji wa kwanza, hakujua kusoma hata namba zilizoandikwa kwenye tairi. Kila akifunga matairi mapya alizungusha kamba kwenye tairi moja, akapiga fundo pale mzunguko ulipokamilika, kisha akapima mengine yote kwa kamba ileile. Fundo lisipofika, tairi linatoka. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mwanawe alisoma, namba akazijua, lakini kamba hakuiacha, na kila gari lilikuwa na kamba yake ukutani.

Kwenye fowili mzee hakuwa na mzaha. Mbele na nyuma, alisema, ni watu wawili waliofungwa miguu pamoja: mmoja akiwa na hatua ndefu kuliko mwenzake, wataburuzana mpaka mmoja aanguke. Giaboksi ya katikati ndiyo msuluhishi wao. Tairi za nyuma zikiwa kubwa kuliko za mbele, hata kwa kiasi kidogo, msuluhishi hapati usingizi. Mafuta yanachemka, meno yanasagana, na siku moja kila kitu kinakamata kwa pamoja.

Mwenye Mbao alimwachia kola. Kamba ile aliijua, maana wiki mbili zilizopita, matairi mapya yalipofungwa, alisimama hapohapo akitazama inavyopigwa fundo. Fundi akaitungua ukutani, akajikongoja hadi kwenye gari, damu ikimdondoka kidevuni. Akazungusha kamba kwenye tairi la mbele, fundo likakutana na ncha sawasawa. Akahamia nyuma. Akazungusha. Fundo halikufika. Lilipelea vidole vinne.

Nimepona, akawaza, na moyo ukamruka kwa furaha. Matairi haya ya nyuma si yangu!

Halafu akaona kiraka. Alikuwa amekibandika mwenyewe, kiraka cha pembe tatu ubavuni mwa tairi la gari moja kuukuu lililokwisha kufa. Matairi hayo mawili yalikuwa yamelala kwenye rundo nyuma ya gereji hadi wiki iliyopita, mpwa wake alipokuja akicheka: "Mjomba, nipe yale mawili nikawafungie watoto wa jirani bembea." Naye akampa. Alimsaidia hata kuyabeba.

Fundi aliinua macho. Mpwa alikuwa akimtazama, midomo imekauka, akitikisa kichwa kidogo sana, kama mtoto anayeomba asisemwe kwa mama yake.

Watu wasiopungua arobaini walikuwa pale. Mmoja ameshika chupa ya petroli. Mimi ningesema, na wewe ungesema, tusidanganyane. Lakini fundi huyu alimbeba kijana yule mgongoni siku baba wa kijana huyo alipozikwa, na tangu siku hiyo hakuwahi kumtua. Akalifunika pengo la kamba kwa kiganja.

"Zinalingana," alisema.

"Kwa hiyo?" aliuliza Mwenye Mbao.

"Kwa hiyo ni mimi. Giaboksi niliifunga vibaya."

Walimburuta mpaka kwenye meza yake ya kazi. Wapakiaji wawili waliulaza mkono wake wa kulia juu ya chuma, na Mwenye Mbao akaupiga kwa spana ya magurudumu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Vidole vililia kama vijiti vikavu. Fundi alipiga ukelele mpaka sauti ikakatika. Walimpiga magotini ili aanguke, wakampiga mgongoni kwa sababu ameanguka. Mtu mmoja, ambaye jana tu alimsalimia kwa heshima, alivingirisha tairi kutoka kwenye rundo, akamvisha shingoni. Harufu ya petroli ikatanda.

Ndipo jiwe lilipokuja. Lilimpata juu ya jicho, likapasua. Kwa jicho la pili fundi alimwona aliyelirusha, mkono wake ukiwa bado hewani.

"Mchomeni!" mpwa alikuwa akipiga kelele kuliko wote. "Muuaji! Mchomeni!"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kwamba kinaweza pia kukuokotea jiwe. Fundi aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu ngumi ile ya kwanza, akalia.

Dada yake aliliona jiwe lile likirushwa akiwa bado mbali; alifika akikimbia kutoka kwenye cherehani yake mtaa wa pili, futi kamba inaning'inia shingoni, pini zimechomekwa kifuani mwa gauni. Alikuwa mkubwa wa fundi kwa miaka mitano. Aliwapangua watu kwa viwiko, akauona uso wa mdogo wake, akauona ule mkono. Hakulia. Macho yake yalikwenda kwenye gurudumu la nyuma, pale kamba yenye kitambaa cha kijani ilipokuwa bado inaning'inia.

"Nani kapima?"

"Yeye mwenyewe," alijibu mpakiaji mmoja. "Kakiri. Zinalingana."

"Dada, acha," alisema fundi. "Nakuomba. Nenda nyumbani."

"Nyamaza."

Utotoni yeye ndiye aliyemshikia baba yao ncha ya kamba. Akapima mbele, fundo likakutana. Akapima nyuma. Kisha akaweka vidole vyake katika lile pengo, kimoja, viwili, vitatu, vinne, akamwita Mwenye Mbao aje aone kwa macho yake.

"Mdogo wangu hafungi tairi hivi hata akiwa usingizini," alisema. Akamgeukia mwanawe. "Gari unaendesha wewe. Haya mawili umeyatoa wapi?"

"Mama, mimi sijui..."

"Nimekuuliza umeyatoa wapi!"

Kijana akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nililichukua gari bila ruhusa," alisema hatimaye. "Nikapita na rafiki zangu kwenye machimbo ya mawe. Mawe yakachana yale mapya mawili. Niliogopa kufukuzwa kazi. Haya yalionekana sawa, mama! Kwa macho yalikuwa sawa kabisa!"

Hawakumngoja amalize. Umati ulimwacha fundi kama ulivyomvamia, ukamwangukia kijana. Alipotea chini ya miguu, na kilichosikika ni buti zikitua na sauti yake ikiita mama, mama, mama.

Dada alilivua lile tairi shingoni mwa mdogo wake. Akajivika mwenyewe, akapenya katikati ya wapigaji, akasimama juu ya mwanawe.

"Petroli iko wapi?" aliuliza. "Aliyemzaa ni mimi. Anzieni kwangu."

Mtu wa chupa alimtazama Mwenye Mbao. Mwenye Mbao alisogea, akainua spana, akaishusha mara moja juu ya goti la kijana. Mlio ule waliokuwapo hawatausahau. Akaiinua tena, kisha akaitupa. Akaenda kuketi karibu na gari lake, akaingiza mkono dirishani, akatoa kiatu kimoja cha mwanamke. Alikipakata na kulia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya wafanyakazi wake. Bila yeye, hasira ya wengine ilikosa mwenyewe. Wakampakia kijana kwenye lori, mguu unaning'inia, wakampeleka polisi.

Walibaki ndugu wawili sakafuni, katikati ya spana zilizotawanyika. Dada aliufunga mkono wa fundi kwa kipande alichochana kwenye gauni lake.

"Kwa nini ulipima, dada?" fundi aliuliza. "Ningekufa mimi, yangeisha."

"Ungekufa wewe, halafu yeye angeishi akijua kwamba jiwe linafaa kuficha kosa."

Alisema hivyo bila kumtazama. Tairi lilikuwa bado shingoni mwake. Alijaribu kulivua mara mbili, mikono ikakataa, na fundi akamsaidia kwa ule mmoja aliobakiwa nao.