Kadi Haipigwi Pasi

Mama mmoja mpiga pasi alikuwa na imani mbili: Mungu wake mbinguni, na pasi yake ya mkaa mezani. Kilichojikunja, pasi itakinyoosha. Basi asubuhi ile alipoiona kadi ya ukaazi ya mkwewe, mke wa mwanawe, imepindishwa na jua la dirishani, hakujiuliza. Aliifunika kwa kitambaa chenye unyevu akaipitishia pasi juu juu, kama kola ya hariri.

Alipoinua kitambaa, kile kibati cha dhahabu, ambamo serikali imeweka habari zote za mtu, kiliinuka nacho.

Mkwewe alikuwa anaoga. Mpiga pasi akakimbilia kwa jirani, fundi viatu, akaazima gundi, akakibandika kile kibati, akaipuliza kadi na kuirudisha kwenye mkoba. Nitamwambia tukinywa chai, akajisemea. Chai ikanyweka, naye akaongea habari za bei ya mkaa.

Sasa yeye na mkwewe wako kwenye foleni ya ukaguzi, njia ya kliniki. Kando ya barabara limeegeshwa lori la turubai, na ndani watu wamekaa kimya kama mizigo. Ni wageni ambao kadi zao zilikataliwa na mashine. Aliyepakiwa mle hashuki mpaka mpakani. Na mkwewe alizaliwa ng'ambo ya mpaka huo, mimba imeingia mwezi wa nane, mume yuko kazini mbali na simu yake haipatikani.

"Mama, mbona unatetemeka?"

"Baridi, mwanangu."

"Baridi, na jua lote hili?"

Nyuma yao fundi viatu, aliyekuwa akienda zake sokoni, akadakia, "Mwache mama wa watu. Hata mimi naogopa. Picha yangu ilivyo, mke wangu mwenyewe aliikana!"

Watu wakacheka kicheko cha meno tu. Mashine ikalia, taa ya kijani, mtu akapita. Ikalia tena. Kisha ikakoroma, ikawaka nyekundu, na mzee mmoja akapelekwa kwenye lori huku bado anajieleza.

Ee Mola, gundi ishike, aliomba mpiga pasi. Papo hapo akaona haya. Mungu wa kweli utamwombaje akulindie uongo?

Zamu yao ikafika. Mkwe akatoa kadi. Nyekundu. Mkaguzi akaifuta kwenye mkono wa shati lake ajaribu tena, na kile kibati kikabaki kwenye shati.

"Hii ya kughushi," alisema. "Askari!"

"Si ya kughushi! Mama, waambie!"

Mpiga pasi akakikodolea macho kile kibati kwenye shati. Askari akamshika mkwe kiwiko, akamvuta, naye akajishika tumbo. Hapo ndipo sauti ilipotoka.

"Mwachie! Mimi ndiye niliyeiharibu. Niliipiga pasi."

"Uliipiga nini?"

"Pasi. Ilikuwa imepinda."

"Kweli tupu, afande," fundi viatu alisema, akinusa. "Na gundi hiyo ni yangu. Alikuja kuazima asubuhi, akasema ni ya kiatu."

Mkaguzi hakucheka. "Mama, kadi haipigwi pasi. Nami nitajuaje kama ilikuwa halali?"

Mpiga pasi akaingiza mkono kifuani, akatoa yake. "Shika hii. Mimi mzaliwa wa hapa. Nikiwa nimesema uongo, nipakieni mimi."

Mashine ikawaka kijani. Mkaguzi akalitazama lile tumbo, akalitazama lori. Akaandika kikaratasi, akakigonga muhuri, akampa mkwe. "Tumia hiki mpaka upate kadi mpya. Ya mama inabaki kwangu. Usipoleta mpya, tutajua pa kumfuata."

Wakapita. Mkwe akakikunja kikaratasi, akakitia mkobani.

"Ungeniambia, mama."

"Niliogopa utanichukia."

Mbele, darajani, palikuwa na wakaguzi wengine, mashine nyingine na lori jingine. Mpiga pasi akapeleka mkono kifuani kwa mazoea. Akakuta jasho tu. Katika mji aliozaliwa, leo hana cha kuonyesha. Akasimama.

Mkwewe akamshika mkono.

"Usiwakodolee macho," alinong'ona. "Usiharakishe, wala usisimame. Nifuate mimi, mama. Mimi nimezoea."