Jibu la Seva ya Nyuma

Tangu kiharusi kimshike baba, maneno yake hutoka moja moja, na kila moja kwa jasho. Mama hana subira hiyo. Baba akifungua tu mdomo, yeye keshamaliza sentensi: ni maji, ni mto, ni dirisha lifungwe. Analeta, anafunga, anampangusa uso. Anayafanya yote kwa mapenzi, na baba anazidi kusema kidogo kila wiki. Nilianza kuogopa kwamba ipo siku atanyamaza moja kwa moja.

Asubuhi moja nilihamishia kazi yangu chumbani kwao. Hospitali iliyoniajiri ilikuwa imepata seva mpya ya wavuti, ile inayopokea maombi ya watu mlangoni, nami nilitakiwa kuiunganisha na seva ya Java iliyo nyuma, inayoendesha programu ya wagonjwa. Programu hiyo aliiandika baba enzi zake. Kurasa ndogo zilifunguka bila matata. Lakini kila nilipoomba ripoti ya wodi zote niliambulia patupu: ukurasa mweupe na ujumbe kwamba muda umekwisha. Bosi wangu alikwishatoa hukumu kwamba programu ya mzee imepitwa na wakati, itupwe.

Nikamwekea baba kompyuta mapajani, nikamweleza. Akaitazama mistari ambayo seva ya nyuma huandika kila inachofanya, ikipita kwenye kioo, kisha akafungua mdomo.

"I..."

"Imeharibika," mama akadakia, yeye ambaye kompyuta huizima kwa kuchomoa waya.

Nilimwomba, kwa ukali usiomfaa binti, kwamba safari hii amwache. Akanuna, akaketi ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Tukangoja. Mimi nami damu ni ileile ya mama. Ulimi uliniwasha, nikauuma.

"Ina... jibu," baba akasema. "We... ngoja."

Kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja. Kweli, seva ya nyuma ilikuwa imeikamilisha ripoti nzima, ila ilichukua zaidi ya dakika moja, na ile ya mbele, ya mlangoni, imepangiwa kungoja nusu dakika tu, kisha inakata. Jibu lilikuta mlango umeshafungwa. Nikafungua faili la mipangilio, nikaongeza muda wa kungoja, nikaiwasha seva upya, nikaomba ripoti. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha wodi zikaanza kushuka kwenye kioo, zote. Baba akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Mama akauliza nimetengeneza nini. Nikamwambia programu ya mumewe sijaigusa hata herufi. Nimeiambia tu ile ya mbele isiwe na haraka.

Mama aliinuka, nikadhani anakwenda jikoni kama kawaida yake, kumbe anavuta kiti. Akaketi uso kwa uso na baba.

"Haya, baba watoto, sema," akamwambia. "Leo sikusaidii."

Baba akaanza. Neno la kwanza likakwama, akalirudia. Midomo ya mama ilimcheza, akaifunika kwa kiganja. Nilimpenda mama yangu wakati ule kuliko siku zote.

"Wewe..." baba akasema. "Wewe... unapumzika... saa ngapi?"

Mama akafungua mdomo, jibu lisitoke. Baba akamngojea.