Sanduku Moja Lisikosekane

Karakana ya useremala ya Tharcisse, mtaani Bigo, haikuchana hata ubao mmoja bila yeye kusema. Fundi wake, Josaphat, alishika msumeno akauliza, "Patron, nikate?" Akishakata, aliuliza tena, "Patron, nipige randa?" Kosa halikuwa la Josaphat. Tharcisse ndiye aliyemzoesha hivyo, na kufikia adhuhuri sauti ilikuwa imemkauka.

Jumatatu, siku redio ilipotangaza kwamba vita vimekwisha na sasa ni amani, Tharcisse alichoka kabisa kuulizwa. Alisimama mlangoni akaiambia karakana yenyewe: "Sanduku ya maiti moja isikosekane hapa. Kama iko, tengeneza kitanda ya Kavira."

Kavira, binti yake, alikuwa anaolewa Jumamosi, na katika ukoo wao msichana hatoki kwa baba bila kitanda. Sanduku alilitanguliza kwa sababu mfiwa hawezi kungoja. Moja lilitosha, maana ilikuwa amani.

Karakana ilitii. Msumeno ulikwenda wenyewe kwenye mbao, randa ikafuata, nyundo ikamalizia. Josaphat alivipisha vyombo akaenda kununua chai.

Sanduku likawa tayari, vyombo vikageukia kitanda. Kabla mguu wa kwanza haujakamilika, mfiwa mmoja alifika kutoka barabara ya Nizi akalichukua sanduku. Vyombo vikaacha kitanda, vikaanza sanduku jingine. Wiki ikaenda hivyo hivyo.

"Papa, kitanda yangu iko wapi?" Kavira aliuliza.

"Iko nyuma ya sanduku."

"Sanduku ngapi?"

"Moja tu."

Ijumaa sanduku lilikaa asubuhi nzima bila mtu. Kitanda kilipata miguu yote na ubavu mmoja. Tharcisse alifunga mlango wa barabarani akaketi nyuma yake. Alitaka muda mpaka jioni tu. Mlango ukabishwa.

"Papa Tharcisse, ni miye Adeline. Wananiambia kwako sanduku inakuwaka tayari. Ni ya mutoto wangu mukubwa, walimukuta ku shamba, wakamuua."

Kama angenyamaza, mama huyo angekwenda zake. Tharcisse aliona aibu kuliwaza jambo hilo, akafungua. Kavira mwenyewe alishika upande mmoja wa sanduku, wakalifunga juu ya pikipiki iliyomleta Adeline. Kabla haijakata kona, randa ilikuwa imeshaacha kitanda na kurudi kwenye mbao.

"Patron," Josaphat alisema, "ugeuze ile amri? Kitanda ikuwe mbele?"

Tharcisse alitazama barabara. Mtu mwingine alikuwa anakuja kwa miguu, akiulizia karakana nyumba kwa nyumba.

"Acha vile," alisema.

"Nitalala chini, Papa," Kavira alimwambia, akaingia ndani kusuka nywele.

Jumamosi karamu ilifanyika uani, kando ya karakana. Mkuu wa mtaa alisimama kusifu amani. Alingoja kwanza randa inyamaze. Haikunyamaza, akaanza hivyo hivyo.