Maji Yaliyolala Katika Kisima cha Nane

Siku hiyo niliamka na hasira na nikashinda nayo. Kazi yangu ni kupima maji ya chini ya ardhi katika bohari la zamani la mafuta, lile ambalo matangi yake yalivuja mpaka udongo ukalowa petroli. Tumechimba visima vinane vyembamba, mabomba tu yaliyozamishwa ardhini, na katika kila kimoja sharti kwanza uvute kwa pampu maji yaliyolala humo uyamwage, ndoo baada ya ndoo, hadi yaje mapya. Yale yaliyolala harufu ya mafuta huwa imeshayatoka, yatakudanganya mchana kweupe. Visima saba nilivifanyia hivyo. Cha nane, kilicho karibu na ukuta wa bohari na kinachoonyesha kama mafuta yamevukia mtaani, jua lilikuwa limenichoma na pampu imenigomea, basi nikachota ya juu juu, nikajaza chupa, nikanusa, sikusikia kitu. Ng'ambo ya ukuta Mama Nakiete, mtunzaji wa kisima cha mtaa kilichopigwa kufuli miezi mitano kwa ajili ya mafuta hayo hayo, akaniuliza, "Mwanangu, vipi, tufungue?" Nikamjibu, "Fungua tu, Mama, maji hayana neno." Kisha nikaingia kibandani, nikajitupa mkekani huku nafsi ikinisuta, na usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika nchi isiyo na mbingu, nikikanyaga mchanga laini, na mto mpana ukipita kimya pembeni yangu. Penye njia panda aliketi bwana mmoja mnene, mchangamfu, kanzu yake inameremeta rangi zile zinazoelea juu ya dimbwi la gereji. "Karibu ndugu yangu, mimi ndiye Boraliende," akasema, akinisogezea kiti. "Chupa yako nimeshaipitisha. Pumzika, nani atajua?" Wallahi nilimpenda, na ningekaa. Lakini mwanamke aliyejitwika ndoo akanishika mkono. "Mimi ni Subira. Uliniacha kwenye kisima cha nane," akasema bila ukali, na kukosa ukali kwake ndiko kulikoniuma. "Njoo uone."

Tukaufuata mto hadi chini ya ukuta wetu, nikautambua kwa misingi yake. Hapo alikuwa anapita bibi mwembamba amejitanda shela, anatembea polepole mno, na kila alipokanyaga maji yalibadilika rangi. Subira akaniambia huyo ni Sumu, hana haraka, hatua moja kwa mwezi inamtosha. Nikauliza ameuvuka ukuta lini. "Wewe ulipokuwa unagombana na pampu, yeye alishavuka," akajibu. Mara kamba ikashuka kutoka juu na ndoo mwishoni, na Sumu akakunja shela lake, akaingia ndani ya ndoo, akatulia. Nikamsihi Subira apige kelele, awaambie wasivute. "Sauti yangu hawaijui," akasema. "Yako ndiyo wanayoiamini, nayo imewaambia wafungue." Kamba ikakaza, ndoo ikaanza kupanda.

Nikazinduka nimelowa jasho, jua bado kali. Nilikuwa na wazo la kukimbilia pampu, nipime kwanza nipate hakika, niokoe na heshima yangu kidogo. Hapo ndipo ndoto iliponiingia akilini: kilichokuwa kinawaua kwa wakati ule si petroli, ni neno langu, na neno hilo halihitaji pampu kulirudisha. Nikaruka ukuta. Kinamama walikuwa foleni na ndoo zao, na Mama Nakiete ameshika kikombe.

"Mama, msinywe. Kisima cha nane sikukipima."

"Si ulisema hayana neno?"

"Nilisema. Nilikudanganya."

Hakunitukana. Alimwaga kikombe chini, akafunga kufuli, akatazama njia inayoelekea majumbani. "Wanne wameshaondoka na maji," akasema. "Tangulia. Utawaambia mwenyewe, mlango kwa mlango, na mimi nitakuwa nyuma yako nikikusikiliza."