Damu Iliyokataa Kuganda

"Damu ya mumeo haigandi," alisema nesi Mwanahawa, na Immakulata akapiga magoti palepale wodini, akamshukuru Mungu.

"Unashukuru nini, mdogo wangu?"

"Baba mkwe alikufa kwa damu kuganda kichwani. Nilidhani na huyu ndiyo basi tena."

Mwanahawa akainua kichupa cha kioo. Damu ya Melkiadi ilikuwa imekaa humo dakika ishirini bila kuguswa. Alipokiinamisha, ikatiririka kama chai ya rangi. "Ya baba mkwe iliganda pasipotakiwa. Hii imekataa kabisa. Sumu ya yule nyoka, kifutu, imemaliza kile kinachoigandisha. Ndiyo maana fizi zinavuja, na zile chale hazikauki."

Immakulata akamgeukia shemeji yake. Tharsisi ndiye aliyemchanja kakaye mguuni kwa wembe, kulekule kwenye shamba la maharage, Nyakitonto, alikoumwa, ili eti sumu itoke.

"Usinitazame hivyo, shemeji. Nilidhani namsaidia."

"Ungemleta tu," alisema nesi, akitundika dripu yenye dawa ya sumu ya nyoka. "Akijikuna au akihema kwa shida, niiteni mbio."

Immakulata hakubanduka. Kila Melkiadi alipotema mate mekundu, alimpangusa midomo kwa ncha ya kanga.

"Nimeoa mwanamke anayeshangilia nikichuruzika," Melkiadi alinong'ona.

"Nyamaza, utatoneka."

Jioni nesi akachukua damu nyingine, akakisimamisha kichupa dirishani. Asiguse mtu. Tharsisi akanyoosha mkono achungulie kidogo tu. Immakulata akauchapa kofi hadi wagonjwa wakacheka. Yeye, ambaye hata kanisani huimba kwa midomo bila sauti! Akasimama mbele ya dirisha kama mlinzi wa benki, jasho likimtoka, akiogopa hata kupiga chafya.

Mwanahawa akarudi, akakishika kichupa. Akakiinamisha polepole.

Hakikushuka kitu. Akakipindua juu chini. Damu ilikuwa imeng'ang'ania kitakoni, nene kama ini la mbuzi.

"Imeganda," alisema nesi. "Tutaendelea kumwangalia, lakini dawa imeshika."

"Pindua tena, dada," Immakulata aliomba, huku akicheka na kulia. Nesi akapindua. "Tena."

"Na mimi je?" Melkiadi aliuliza kutoka kitandani. "Si yangu hiyo?"

Wakampelekea, akaitazama damu yake kwa karibu sana, kama mtu anayekagua mtoto mchanga.